Kivuli cha magharibi: jinsi ya kupoza nyumba ya bati Dar es Salaam bila kiyoyozi

Rudi nyumbani saa moja usiku, mwezi wa pili, na kabla hujawasha taa weka kiganja kwenye ukuta wa chumba kinachotazama machweo. Kama nyumba ni ya tofali za saruji na bati, kama zilivyo nyingi kuanzia Mbagala mpaka Kimara, utaukuta ukuta una uvuguvugu wa birika lililoepuliwa muda si mrefu. Jua limeshazama, lakini ukuta umeliweka akiba. Mpaka saa sita usiku utakuwa unakurudishia kidogo kidogo, na feni kazi yake ni kulizungusha joto lile lile.

Kiganja hicho ndicho kipimajoto chetu humu. Zunguka kuta zote nne, ndani, jioni tatu mfululizo, na uandike upi una moto zaidi. Karibu kila mara utakuwa wa magharibi.

Mtu wa bara akisoma kwamba mchana wa Februari Dar ni nyuzi 32 au 33 atacheka, maana amewahi kuona zaidi. Lakini yeye jasho lake linakauka. Letu linabaki mgongoni kwa sababu hewa ya pwani imeshajaa maji, na mwili ambao jasho lake halikauki haupoi. Ongeza zege, lami na bati ambavyo havilali usiku, ndiyo maana ukitoka mjini kwenda shamba upande wa Kisarawe unahisi tofauti hata kabla hujashuka kwenye gari. Dunia inazidi kupata joto na jiji linazidi kujengwa. Vyote viwili vinamwangukia mtu mmoja, aliyelala chini ya bati.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida, yenye kiwanja kidogo na majirani pande tatu. Kuna kazi za mwezi huu na kuna kazi za miaka mitatu. Anza zote pamoja, usisubiri moja iishe.

Kwanza, soma jua na upepo kabla ya kununua mche

Wengi huanzia kitaluni. Wanarudi na miche sita kwenye bajaji, wanaishusha, ndipo wanaanza kuangaza macho pa kuichimbia. Mwisho inapangwa mstari mmoja kando ya fensi ya mbele kwa sababu pale inapendeza ukipita barabarani. Kivuli chake kinamfaa mwenye kupita.

Chukua karatasi, chora nyumba yako kwa juu, weka alama ya mashariki na magharibi. Sasa fikiria hivi. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Siku hizo, kwenye saa sita na dakika kumi hivi mchana Oktoba, na saa sita na dakika thelathini na tano hivi Machi, nguzo ya umeme iliyosimama wima haina kivuli. Kati ya tarehe hizo mbili, yaani msimu wote wa joto, jua linapita upande wa kusini kidogo. Matokeo yake ni haya: ukuta unaotazama kaskazini sawasawa haupigwi na jua hata dakika moja miezi hiyo. Ukuta wa kusini unapata kidogo, kwa kuwa jua la adhuhuri liko juu sana na upenuo wa bati unaufunika. Ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi, lakini una mchana mzima wa kusahau. Adhuhuri yenyewe jua linalibeba bati.

Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Kuanzia saa nane mchana jua linaushika kwa ubavu, wakati hewa yenyewe imeshachemka, na haliuachi mpaka adhana ya magharibi. Tena mwezi wa kumi na mbili halizami magharibi kamili, linazama limeegemea kusini. Kwa hiyo pembe ya kusini-magharibi ya nyumba yako ndiyo inayoumia kuliko zote.

Halafu upepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi tunapata kaskazi, inayokuja kutoka kaskazini-mashariki. Kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba ni kusi. Ukiweka jua na upepo kwenye karatasi moja, jibu linajichora lenyewe: majani yaende magharibi na kusini-magharibi, kaskazini-mashariki pabaki wazi. Kivuli na upepo havigombanii nafasi. Sijui miji mingapi ina bahati ya namna hiyo.

Wanaogombana nao ni mafundi wa fensi. Ukuta mzima wa tofali, juu kuliko mtu, upande wa kaskazi, ni kuuziba mdomo wa nyumba. Ukijenga upya, weka matofali ya matundu kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Wazee waliojenga nyumba za Kiswahili pale Kariakoo na Ilala walijua walichofanya: mlango wa mbele, ukumbi ulionyooka katikati, mlango wa uani. Ukifungua yote miwili, nyumba inapumua. Sisi tukaja tukaweka kabati la televisheni katikati ya ukumbi.

Pili, bati: kazi ya mwezi huu

Mti utakuchukua miaka. Bati ni wikendi mbili.

Bati jipya linang'aa na kurudisha jua kiasi. Likishika kutu linakuwa jekundu, baadaye la kahawia, na rangi iliyoiva hivyo inakunywa jua. Dawa yake ni rangi nyeupe ya nje inayochanganywa na maji, mikono miwili. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha, acha likauke, paka rangi ya kuzuia kutu palipoliwa, ndipo uje na nyeupe. Panda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na ushuke saa tatu. Baada ya hapo bati linaunguza miguu na rangi inakauka kabla hujaisambaza. Kanyaga kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake ndiko mbao zilipo. Huwezi kusimama hapo? Mlipe fundi, usijaribu ushujaa.

Watu wanapenda kuuliza kama chokaa haifai, kwa kuwa ni rahisi. Inafaa kwenye zege na kwenye ukuta wa magharibi, na ukuta ule uupake mweupe leo. Kwenye bati usiipake, hasa ikichanganywa na chumvi kama wengine wanavyofanya: hula zinki na mwaka unaofuata unanunua bati. Jiji la Ahmedabad, India, lilipigwa na wimbi kali la joto mwaka 2010, na mpango liliotengeneza mwaka 2013 wa kujikinga na joto baadaye ulikuja na upakaji wa mapaa rangi nyeupe kwenye makazi ya watu wa kipato cha chini. Si jambo la kubahatisha.

Kama unakinga maji ya mvua, ondoa mfereji kabla ya kupaka na uache mvua za mwanzo zioshe paa kabla ya kuurudisha. Maji hayo baada ya hapo yawe ya kufulia na kumwagilia.

Halafu dari. Dari inasaidia sana, ila ile nafasi iliyo kati ya dari na bati lazima iwe na pa kutolea joto: matundu kwenye pembe mbili za juu za nyumba zinazotazamana, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Dari lisilo na matundu linageuka oveni iliyokaa juu ya kitanda.

Dirisha la magharibi nalo lizibwe kwa nje. Pazia zito la ndani linachelewa: jua limeshapita kwenye kioo, limeshaingia, pazia linalikaribisha kwa adabu. Ning'iniza nje ya dirisha jamvi la zamani, au wavu wa kivuli, ule wa kijani au mweusi unaouzwa kwa mita kwa ajili ya vitalu, hatua moja mbali na ukuta ili hewa ipite. Shusha saa saba mchana, pandisha jua likizama. Ni kazi ya watoto wakirudi shule.

Tatu, mti gani

Acha kwanza niseme nisichokipenda. Ile miti ya ashoka, mirefu myembamba kama mishumaa, iliyojipanga kwenye kila fensi ya mtu aliyemaliza kujenga: ni mizuri kwa macho, lakini kivuli chake ni kama cha nguzo. Mifikasi inatoa kivuli kizuri kisha mizizi yake inafuata bomba na shimo la maji machafu, na siku moja unakuta msingi una ufa. Mikaratusi inakunywa maji mengi mno kwa kiwanja cha nyumba, na siku za joto majani yake yanatoa mvuke ambao, ukikutana na moshi wa magari chini ya jua kali, unachangia kutengeneza ozoni, hewa inayokwaruza kifua. Mikaratusi ibaki mashambani ilikopangiwa.

Ukiwa na nafasi ya hatua sita hivi kati ya ukuta wa magharibi na mpaka, panda mwembe. Majani yake hayapukutiki yote kwa pamoja, kwa hiyo Februari bado una kivuli kizito, na chini yake hewa inapoa kwa sababu mti unavuta maji ardhini na kuyatoa majanini, na maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Hasara yake utaiona msimu wa maembe: mawe ya watoto juu ya bati lako jipya jeupe.

Mkungu, ule unaozaa kungu, unatandaza matawi kwa tabaka kama mwavuli juu ya mwavuli, na unastahimili chumvi ya pwani. Unapukutisha majani makubwa mekundu, kwa hiyo kama mfagio unakuudhi, uache. Mzambarau una kivuli kinene, lakini usiupande penye kamba ya nguo. Zambarau ikidondoka kwenye shuka nyeupe, shuka hiyo imekwisha. Mwarobaini unakua haraka, unavumilia ukame, haudai huduma, na ndiyo maana umejaa. Kiasi umejaa mno: ndege wanasambaza mbegu zake na kwenye misitu ya pwani unasukuma miti ya asili. Mjini mmoja unatosha.

Uwanja mdogo zaidi? Mpera, mstafeli au mlimao, hatua tatu kutoka ukutani. Hakuna hata hatua tatu? Basi mmea wa kutambaa. Simamisha nguzo mbili na waya mbele ya ukuta wa magharibi, si juu ya ukuta wenyewe, uupandishe mpasheni. Mpasheni uliopandwa kwenye masika na kumwagiliwa vizuri unaweza kuwa umefunika waya kabla ya joto la mwaka huohuo. Kama unaniuliza mimi, kila mtu aanze na huo wakati mwembe unajikongoja.

Usipande chini ya nyaya za umeme, wala juu ya bomba, wala karibu na shimo la choo. Miche bora iko kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu na kwa wauzaji wa pembezoni mwa barabara. Kabla ya kulipa, geuza kiriba utazame chini. Mizizi ikiwa imetoka na kujiviringisha kama tambi, huo mche umezeekea humo. Chukua mfupi kuliko huo wenye shina nene.

Nne, shimo na masika

Siku ya Upandaji Miti Kitaifa ni Aprili 1, na tarehe hiyo ina akili. Ukipanda masika yakiwa yameshashika, mche unapata mvua mpaka Mei, halafu unaingia kwenye miezi ya ubaridi, Juni mpaka Agosti, ukiwa umeshika ardhi. Januari na Februari zikija na ukali wake, mche una miezi tisa au kumi. Ukipanda kwenye vuli, Novemba, mwezi mmoja na nusu baadaye unaukabidhi kwa jua kali kabisa la mwaka.

Chimba wiki mbili kabla. Shimo la sentimita 60 kila upande, na kina hicho hicho. Udongo wa juu, ule mweusi kidogo, uweke kulia. Wa chini, mchanga mweupe au mfinyanzi, kushoto. Changanya wa kulia na ndoo mbili za samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Jaza shimo kwa mchanganyiko huo mpaka karibu nusu, ushindilie kwa mguu taratibu.

Siku ya kupanda, mwagilia mche ukiwa kwenye kiriba. Chana kiriba kwa wembe kuanzia chini kwenda juu na ukitoe chote. Nimeshafukua mche uliokufa nikakuta mtu ameupanda na nailoni yake, mizizi imekaa humo kama samaki kwenye mfuko. Weka mche usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, usizike shina. Rudishia udongo, kandamiza, tengeneza bakuli la udongo kuuzunguka, upana wa ungo.

Juu ya bakuli mwaga matandazo: majani makavu, nyasi, maganda ya mahindi, unene wa kiganja kilichosimama. Yaache mbali na shina kwa upana wa ngumi, la sivyo shina litaoza. Zungushia miti mitatu na wavu kama kuna mbuzi. Kama kuna watoto wanaocheza mpira, zungushia mara mbili.

Tano, ndoo

Hapa ndipo miti ya Dar inapofia. Si kwenye shimo, ni kwenye ndoo isiyofika. Kila masika miche inapandwa kwa maelfu, watu wanapigwa picha wameshika jembe, na Januari ukipita palepale unakuta vijiti.

Wangari Maathai alilijua hili mapema. Alipoanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977, kinamama hawakulipwa kwa kupanda tu. Walipewa pesa kidogo kwa kila mche ulioishi. Freetown, Sierra Leone, kampeni yao ya miti milioni moja iliyoanza mwaka 2020 ilifuata njia kama hiyo: wakazi wanalipwa kwa kuurudia kila mti na kuupiga picha kwa simu kuonyesha kwamba bado uko hai. Wewe hutalipwa na mtu, lakini weka utaratibu kama vile utalipwa.

Utaratibu wenyewe: kuanzia mvua zinapokatika, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni, imwagwe polepole kwenye bakuli. Kunyunyizia kikombe kila siku ni kudanganya mizizi. Inabaki juu juu ikisubiri kikombe. Desemba mpaka masika, mara tatu kwa wiki. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki inatosha, na mwaka wa tatu mwembe utajitafutia.

Maji yakiwa ya mgao, tumia yale ya kusuuzia nguo na ya kuoshea mchele. Yenye dawa ya kung'arishia nguo yamwage chooni. Unaweza pia kuchukua chupa ya lita moja na nusu, kuitoboa kizibo kwa sindano, kuikata kitako na kuichomeka kichwa chini kando ya mche. Ukiijaza inadondosha taratibu. Mgawie kila mtoto mti wake na ndoo yake.

Sita, pevingi

Uwanja mzima kuwa na pevingi ni fasheni, na ni tanuri. Sikwambii uzing'oe zote. Ng'oa mstari wa upana wa mita moja kando ya ukuta wa magharibi na mstari mwingine palipo na mfereji wa paa, panda ukoka au viazi vitamu. Masika yakimwagika, maji yana pa kuzama kabla ya kwenda kwa jirani wa bondeni.

Saba, moshi

Ukishafungua madirisha ya kaskazini-mashariki ili upate upepo, utapata na kilichomo kwenye upepo. Hapa ndipo wengi wanapofunga madirisha tena, na kazi yote ya juu inapotea.

Kinachodhuru zaidi ni chembe ambazo huzioni mojamoja, zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele mmoja ni mnene zaidi yake mara ishirini na kitu. Zinapita puani, zinashuka mapafuni, nyingine zinaingia kwenye damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Moto mmoja wa takataka karibu na dirisha unapita kiwango hicho bila kutoa jasho.

Miti itakuchujia? Kidogo, na nisikudanganye zaidi ya hapo. Vumbi kubwa la barabara linanaswa na majani, kwa hiyo ua mnene wa michongoma kati ya barabara na kibaraza chako, urefu wa kupita kichwa, una faida yake. Usitumie minyaa penye watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Lakini hizo chembe ndogo dawa yake ni kutoziwasha. Na kwenye kichochoro chembamba kinachopita magari, miti iliyokutana juu inaweza hata kuufungia moshi chini. Pale panda ua, acha juu wazi.

Kwetu moshi ulikuwa unatoka kwa bibi jirani, kila asubuhi saa kumi na mbili, saa ambayo upepo umelala na moshi unatambaa chini kama maji. Nilikaa na hasira miezi, ndipo nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Bibi, nimekuja kwa ajili ya ule moshi. Unaingia chumbani kwa mtoto, kifua kinambana."

Akanitazama kidogo. "Sasa mwanangu, taka niziweke wapi? Gari lenyewe wiki ya tatu hii halijapita."

Sikuwa na la kujibu, maana ni kweli. Tukalipindua lile fungu kwa fimbo. Zaidi ya nusu yalikuwa majani ya mwembe wake, chini maganda ya ndizi na viazi, juu chupa za plastiki, mifuko na nepi. Majani nikayabeba mimi kwa matandazo ya miche yangu. Maganda yakaingia kwenye shimo la mboji tulilochimba nyuma ya banda lake la kuku. Chupa anawawekea vijana wanaonunua kwa kilo. Kilichobaki kinaenea kwenye kiroba kimoja, na kiroba kimoja kinaweza kusubiri gari. Siku moja moja bado anawasha, hasa nikisafiri.

Ukienda kwa jirani yako, nenda na kiroba mkononi.

Moshi wa jikoni nao ni wako mwenyewe. Mkaa upikwe nje au penye upepo unaopita pande mbili, na jiko lenye makaa lisiingizwe ndani usiku hata kama mvua inanyesha: hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Maharage na makande, vitu vya kuchemka saa nyingi, ndivyo vinavyomaliza mkaa na kupasha nyumba. Sufuria la presha la umeme linavimaliza kwa muda mfupi na kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Anza na maharage.

Kama umepanga

Bati si lako, uwanja si wako. Bado una jamvi la nje ya dirisha, na ndoo mbili zilizotobolewa chini zenye mpasheni au maboga yanayopanda kamba. Kabla ya kugonga msumari mwambie mwenye nyumba, umpe na sababu: ukuta usiopigwa jua haupasuki rangi. Hiyo lugha anaielewa.

Siku joto likizidi

Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kazi nzito za nje zimalizike kabla ya saa nne asubuhi au zisubiri saa kumi na moja. Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, umechelewa. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, mama ndiye anywe zaidi na anyonyeshe mara nyingi. Wazee wanaoishi peke yao wapitiwe mchana. Kiu yao huchelewa kuamka, na wengine wanajinyima maji ili wasisumbuke kwenda chooni.

Feni inafaa kwa joto letu. Ikipita nyuzi 40 ndipo inapoanza kumpulizia mtu moto, na Dar hatufiki huko. Usiku loweka khanga, ikamue, jifunike miguu na feni ikiwa inakupiga.

Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akipepesuka au akizimia na mwili una moto sana, hicho ni kiharusi cha joto, na usikiite malaria mpaka kesho. Mwingize kivulini, mvue nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, mkimbizeni hospitali mkiendelea kumlowesha njiani. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Mwaka wa tatu

Mwembe wako sasa umepita usawa wa dirisha, na matawi ya chini yanaanza kufunga njia na kuzuia hewa. Subiri umalize kuzaa, kisha kata yale ya chini tu, shina libaki tupu mpaka usawa wa mtu aliyenyoosha mkono. Lile la juu linalofunika ukuta saa tisa mchana usiliguse. Tawi nene likate kwanza kwa chini, robo tu, ndipo uje na msumeno kwa juu. Ukianzia juu linavunjika na kuchuna gome mpaka shinani. Acha ule uvimbe mdogo tawi linapoungana na shina, ndio unaofunga kidonda. Na kabla ya kupanda na msumeno, tazama vizuri kati ya majani. Kukiwa na kiota, kazi hiyo isubiri mwezi mmoja.